Shangazi, nikope milioni nne niingize abaya za Idi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Nauza abaya, madera na kanzu za watoto kwa Instagram na WhatsApp, huu mwaka wa nne sasa. Sina fremu. Stoo yangu ni chumba cha watoto, msimu ukifika wao wanahamia sebuleni. Miezi ya kawaida nauza vipande kumi na tano, ikizidi sana ishirini. Ramadhani ndiyo inayonibeba mwaka mzima.

Ramadhani iliyopita niliuza abaya 87 peke yake, achilia mbali madera. Ukinisikia hivyo utasema mwenzetu kapata. Lakini kumi lile la mwisho Shangazi sitaki hata kulikumbuka. Usiku wa kuamkia Idi, saa tano, ilikuwa imebaki abaya moja nyeusi yenye shanga mikononi, namba 56. Mimi nikamuuzia mteja wa Kigamboni. Kumbe binti wa dada yangu, anayenisaidia kujibu kwenye simu ya pili, kashamuuzia mteja wa Sinza. Wote wameshalipa. Huyu wa Sinza alinitumia sauti ya dakika mbili, nikaisikiliza mara moja nikazima simu.

Hapo bado. Siku mbili kabla, binti aliletewa meseji "umepokea 96,000", akampa boda mizigo miwili akaondoka nayo. Kuja kuangalia salio, hakuna kitu. Meseji ilitoka kwenye namba ya kawaida tu ya mtu. Fundi wa kanzu naye alinipa kanzu za watoto 14 kati ya 30 tulizokubaliana, zilizobaki nikazipokea Idi pili. Na kuna abaya kumi na moja walichukua ndugu na majirani, wakasema watalipa wakipokea mchezo. Sita mpaka leo sijaona hela.

Sasa nataka msimu ujao nijipange mapema, ndiyo maana nakuandikia sasa hivi na siyo Rajabu. Abaya naagiza China kupitia wakala, mpaka inanifikia mkononi ni 31,000, nauza 48,000. Ndani ya Dar nawapelekea bure, boda inanila kama 5,000 kwa mzigo. Mifuko, bando na makato ya kutoa hela, weka 1,500. Nina akiba yangu 1,600,000. Jirani kanionyesha mtu anayekopesha: milioni nne, riba asilimia kumi kwa mwezi, narudisha yote baada ya miezi mitatu. Dhamana ni friji, televisheni na kadi ya pikipiki ya mume wangu. Mume hajakataa wala hajakubali, kanyamaza tu. Nilitaka nichukue mwanzoni mwa Novemba niagize abaya nyingi kwa mpigo, maana mwaka huu wateja walinishinda kwa wingi.

Nikope? Na hao sita wa mchezo niwafanyeje?

Mama wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Usikope. Nimelitanguliza jibu kwa sababu najua ukisoma barua ndefu kichwani una friji tu.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu uliyoniletea mwenyewe, mimi siongezi kitu. Abaya unauza 48,000, umeinunua 31,000, imebaki 17,000. Toa boda 5,000 na hiyo 1,500 ya mifuko na makato. Mkononi mwako inabaki 10,500. Milioni nne inanunua abaya 129. Riba ya miezi mitatu ni 1,200,000. Gawanya kwa 10,500: abaya 115 zinamfanyia kazi mkopeshaji. Zako ni kumi na nne. Yaani uuze 129, zote, pasibaki hata moja, watoto walale sebuleni mwezi mzima, ili ubaki na kama laki moja na nusu. Zikikubakia ishirini stoo, hata hela ya kumrudishia haitimii.

Na hapo nimekupa miezi mitatu ya kwenye karatasi. Ukichukua hela mwanzoni mwa Novemba, miezi mitatu inakwisha mwanzoni mwa Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuandama karibu na tarehe 8 au 9 Februari 2027. Deni linakomaa mwezi haujaonekana! Utaenda kumbembeleza huyo bwana akuongezee mpaka Idi, ambayo ni kati ya 9 na 11 Machi, na mwezi wa nne utaifikisha riba kwenye 1,600,000. Faida yako yote ya abaya 129 ni 1,354,500. Umeuza kila kitu na bado umeingia hasara. Ndiyo maana mitaani mikopo hii inaitwa kausha damu, na anayekausha ni mtu ambaye hata kanzu moja hajaishona. Usiende kuitafuta ya kwenye simu pia. Benki Kuu ilishatoa orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, mwaka 2024, na wanaodaiwa humo tunajua wanavyoaibishwa kwa kutumiwa meseji ndugu zao wote. Ukimya wa mumeo mimi nausoma hivi: anaiona pikipiki yake ikiondoka.

Una 1,600,000. Hiyo ni abaya 51. Agiza hamsini. Na ile "free delivery" iondoe leo. Mteja wa Tegeta na mteja wa Zakhem hawawezi kuwa na boda ya bei moja, na wewe siyo serikali. Andika waziwazi: "bei 48,000, boda unalipia mwenyewe ukipokea". Watanung'unika wawili watatu. Abaya moja inakuachia 15,500, hamsini ni 775,000, na hakuna anayekuja kuchukua televisheni. Linganisha na laki moja na nusu ya milioni nne.

Najua utasema, Shangazi, hamsini zitaisha kumi la kwanza, na Ramadhani iliyopita niliuza 87. Zikiisha, alhamdulillah, hela yako imerudi mapema. Unaingia Kariakoo kwa wauzaji wa jumla unaongeza kumi kumi, za rangi zile tu ulizoona zinaulizwa. Faida itapungua, maana wa jumla naye anakula, lakini unanunua kitu ambacho mteja kashakiomba kwa mdomo wake. Kwa mtaji wako huo, hapo ndipo pa kukua.

Sasa China. Hapa nataka ukae vizuri, kwa sababu wengi msimu ujao wataumia wakidhani wakala kawadhulumu. Mwaka mpya wa Kichina nao unafuata mwezi kama sisi. Mwaka 2026 uliangukia 17 Februari, 2027 ni 6 Februari, yaani siku mbili tatu tu kabla ya Ramadhani. Viwanda vya Guangzhou vinaanza kufunga wiki moja au mbili kabla, wafanyakazi wanarudi makwao mikoa ya mbali, na kazi hairudi sawasawa mpaka wiki kadhaa baadaye. Miaka ile Ramadhani ilipokuwa Mei uliweza kuagiza baada ya sikukuu yao. Msimu ujao mlango huo haupo. Mzigo usioondoka China kabla ya Januari, kwa meli, usiuhesabie Idi.

Wakala atakuambia siku 35, au 45. Wewe andika 60, maana kuna kusubiri kontena lijae, kuna bandari, kuna foleni ya ghala lake. Kwa hiyo oda yako ilipwe kabla ya katikati ya Novemba. Ya ndege ni kwa kilo, na abaya yenye shanga ina uzito, faida yote itaruka nayo. Mimi miaka hiyo nikiuza madera nilisubiri bei ishuke, nikaagiza dakika za mwisho. Mzigo ulitoka bandarini Idi imepita siku tisa. Nilikaa na maboksi chini ya kitanda mpaka Idi ya kuchinja, na mengine nayavaa mpaka leo, nimejaa madera ya zambarau.

Katika hizo hamsini usilete mitindo kumi na tano. Tatu zinatosha, na nyeusi ziwe zaidi ya nusu. Rudi kwenye meseji zako za Ramadhani iliyopita, zote zimo humo bado, hesabu ni wangapi waliuliza 52, 54, 56, 58. Usibahatishe namba kwa kutazama wanawake wa mtaani kwako, wateja wako wanakuandikia kila siku urefu wao.

Kanzu za watoto ni habari nyingine, na nimecheka kidogo, samahani. Fundi katikati ya Ramadhani hakatai kazi ya mtu. Anapokea vitambaa vyote, anaandika majina yote, halafu wote mnaambiwa kesho. Usimpelekee kitambaa Shaabani. Desemba usimpelekee pia, yuko kwenye nguo za Krismasi na sare za shule. Mpelekee Oktoba hii, au katikati ya Januari watoto wakishafungua shule na cherehani zimepoa. Na usimlipe nusu kwa nusu ya mzigo wote. Kanzu kumi, hela ya kumi. Akileta hizo ndiyo unatoa kitambaa cha kumi nyingine. Kanzu haiozi. Ikikaa kwenye mfuko na kofia yake kuanzia Novemba haina neno, na mama wa mtoto wa miaka mitano anaikumbuka kanzu Ramadhani ya 25.

Tuje kwa yule wa Sinza na wa Kigamboni.

Hilo siyo kosa la binti wa dada yako. Mna simu mbili na vichwa viwili, na hakuna mahali pamoja panaposema hii imekwenda. Nunua kaunta buku. Kila abaya ikifika, kabla hata hujaipiga picha, bandika kipande cha selotepu ya karatasi mfukoni kwa ndani, andika namba: 1, 2, 3 mpaka 50. Kwenye daftari kila namba ina mstari wake: mtindo, saizi, jina la mteja, simu, hela iliyoingia, imetoka kwa boda gani. Mstari ukiwa na jina, imekwenda. Anayetaka kuuza, wewe au binti, anashika daftari kwanza ndipo anajibu. Daftari likae kwenye meza moja, lisihamie chumbani na mtu.

Na uachane na "niwekee dada nakuja kulipa". Msimu wa kawaida sawa, mwekee. Ramadhani anayetaka kuwekewa analipa nusu, na hiyo nusu inashikilia mpaka siku mliyokubaliana, ikipita abaya inarudi sokoni. Waambie kabla hawajalipa.

Mengine ya simu. Kama bado uko kwenye WhatsApp ya kawaida, hamia ile ya biashara. Ina katalogi, ina majibu ya haraka ya kuhifadhi, na ina lebo unazoweza kumbandikia mteja: kalipa, bado, katumiwa. Katalogi iwe na bei. Hii tabia ya "bei njoo inbox" siielewi na sitaielewa. Mtu amefunga, kichwa kinamuuma, unamfanya aandike "bei gani" kwa abaya ishirini. Halafu, status yako haionwi na kila mwenye namba yako. Wewe na yeye lazima kila mmoja awe amemsevu mwenzake. Hata ujumbe wa kundi unaotuma kwa wateja kwa mpigo haumfikii asiyekusevu. Kazi ya Oktoba na Novemba basi ni hiyo ndogo: kila anayenunua dera, mwambie "nisevu jina la abaya, Shaabani nikutumie mzigo mpya kabla ya wengine". Na namba zao ziandike kwenye kaunta buku pia. Nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024 intaneti ilikongoroka Afrika Mashariki nzima, na wauzaji waliokuwa na wateja Instagram tu walikaa wanatazama kiduara kinazunguka. Mwenye namba kwenye karatasi alipiga simu.

Meseji feki: binti asitoe mzigo kwa kusoma meseji wala kwa picha ya skrini aliyotumiwa na mteja. Aangalie salio. Kama simu ya hela iko kwako na wewe uko sokoni, anakupigia, wewe unaangalia, unamwambia toa. Chukua lipa namba yenye jina la biashara, malipo yaingie huko na yasichanganyike na hela ya vocha na ya kikoba. Mteja akikuambia nina haraka boda yuko nje, ndiyo uchelewe zaidi. Ile 96,000 isamehe, hutaiona.

Sasa siku zenyewe zikifika. Watu hawanunui Ramadhani nzima kwa mwendo mmoja, wewe unajua. Kumi la kwanza wananunua wa mikoani na wale wenye fundi wa kurekebisha. Kumi la pili ni kuulizwa bei tu. Halafu mwaka 2027 utakuwa na kitu kizuri: mishahara ya Februari itaingia mwisho wa mwezi, pale pale kumi la mwisho linapoanza. Kuanzia siku hiyo mpaka Idi una kama wiki moja na nusu, na hapo ndipo simu zako mbili zitakapowaka moto. Wiki hiyo usiwe unapiga picha, usiwe unatafuta mifuko. Picha zote ziwe zimepigwa Januari, mchana, karibu na dirisha, mtu kavaa. Mifuko imenunuliwa. Binti amelala vya kutosha.

Weka post baada ya tarawehe, saa tatu na nusu usiku na kuendelea. Mchana watu wanapitisha macho, usiku wakishakula ndiyo wananunua, na wengine utashangaa wanakutumia hela saa kumi wakila daku. Mizigo lakini itoke asubuhi. Mwisho wa kumkabidhi boda ni saa tisa alasiri, kwa sababu ikifika saa kumi na moja na yeye anawahi kwake kufuturu, na foleni ya Kilwa Road unaijua. Mteja ukimwahidi jioni unampa ahadi ya mtu mwingine mwenye njaa. Tafuta boda wawili unaowajua, ukubaliane nao bei tangu Shaabani, usisubiri usiku wa kuamkia Idi ambapo safari ya 5,000 inakuwa 12,000.

Mikoani funga oda Ramadhani ya 21. Mzigo wa Mwanza au Kigoma unaopelekwa stendi ya Magufuli siku tatu kabla ya Idi unakuta buti limejaa mabegi ya wanaokwenda kula sikukuu nyumbani. Zanzibar unaweza kungoja kidogo, boti ni kila siku, lakini na hiyo usivuke 25. Dar es Salaam funga Ramadhani ya 28 adhuhuri, na tangazo hilo liweke juu ya ukurasa tangu siku ya kwanza. Atakayekuja ya 29 usiku anaambiwa pole dada, Idi njema. Utaumia roho kumrudishia mtu hela. Ila na wewe usiku huo upike, watoto wako wapimishwe nguo zao, na Idi iliyopita najua hawakupimishwa.

Abaya usizouza usizishushe bei Idi mosi kwa hofu. Katikati ya Mei kuna Idi ya kuchinja, na katikati hapo kuna harusi zilizosubiri Ramadhani ipite. Nyeusi inakwenda tu.

Nimebaki na hao sita. Idi haikopeshwi, msimu ujao iwe ndiyo sheria, kwa shangazi, kwa jirani, kwa mama mkwe. Anayetaka kulipa kidogo kidogo aanze sasa, anakuletea 8,000 kila mwezi kuanzia Septemba, Februari anachukua abaya yake. Utaona ni wangapi wako tayari. Kwa deni la zamani, usiwaandikie wote pamoja kwenye kundi la ukoo, utapata matusi badala ya hela. Mpigie mmoja mmoja, asubuhi, siyo kwa meseji. Usiulize "lini utanilipa", sema "mwezi huu nakuja kuchukua ishirini, iliyobaki mwezi ujao". Sita kwa 48,000 ni 288,000, hizo ni abaya tisa za kuongeza kwenye oda ya Novemba. Anza na yule ambaye mchezo wake unatoka wiki hii. Unamjua ni nani.